Shajara ya mradi: kirusi cha chikungunya ndani ya seli ya mita 20, Newala

27 Januari 2024: Chanzo cha mradi

Ninafundisha baiolojia katika shule moja ya sekondari mjini Newala, na shajara hii naiandika ili mwalimu mwingine atakayependa kufanya kazi hii aifuate bila kulipia tena makosa ambayo sisi tumekwisha kuyalipia.

Mradi umetokana na swali moja la mtihani. Niliwauliza wanafunzi 46 wa kidato cha tatu namna virusi vinavyoongezeka, na 29 kati yao wakaandika kwamba kirusi huingia katika seli, hula chakula kilichomo, hukua, kisha hugawanyika kuwa viwili. Hayo ni maelezo yanayoifaa bakteria. Kwa kirusi, neno sahihi humo ni "huingia" peke yake. Fasili ya Kiingereza waliikariri vizuri, lakini picha iliyokaa vichwani mwao ni ya mdudu mdogo sana mwenye njaa. Kirusi hakili, hakipumui, hakikui, wala hakigawanyiki. Nimeamua tujenge mfano ambao mwanafunzi ataushika kwa mikono yake mpaka picha hiyo ya mdudu iondoke.

Nimechagua chikungunya, kirusi kinachoenezwa na mbu, kwa kuwa ni cha hapa kwetu. Homa yake ilienea katika nyanda za Makonde mwaka 1952 na 1953. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliieleza katika maandishi ya mwaka 1955, na mwaka uliofuata R. W. Ross akaeleza kirusi chenyewe. Jina limetoka katika Kimakonde. Nilimwendea bibi mmoja jirani yangu kuuliza maana yake, na baada ya kuitikia shikamoo yangu aliinuka mkekani akajipinda mgongo na magoti, akasema, "Mwalimu, kungunyala ni kujikunja namna hii, kama jani lililokaushwa na jua." Mtoto wa Newala anayelikuta jina hilo katika kitabu cha tiba kilichochapishwa ng'ambo anakutana na lugha ya bibi yake, na ninaona ni haki yake kujua pia kinachotokea ndani ya seli.

3 Februari: Kipimo

Mchoro wa ubaoni ndio uliotupotosha kwanza, kwa sababu ubaoni kirusi hulingana na robo ya seli. Tumekubaliana kwamba kila nanomita 1 itakuwa milimita 1, yaani kila kitu kikuzwe mara milioni moja. Kirusi cha chikungunya kina kipenyo cha takriban nanomita 70, basi chetu kitakuwa cha sentimita 7. Seli ya mwili wa binadamu yenye mikromita 20 inakuwa duara la mita 20, ambalo haliingii darasani, kwa hiyo tumehamia uwanjani. Kiini cha seli tumekipa mita 6. Utando wa seli una unene wa milimita chache tu. Ribosomu, ambazo ndizo mashine za kutengenezea protini, zina sentimita 2.5 hadi 3, na mwanafunzi mmoja akatambua mara moja kwamba hiyo ni korosho yenye ganda lake. Tumepewa nusu gunia la korosho zilizokataliwa kwa ubora, bila malipo.

Kwa kipimo hicho hicho, mwanafunzi mwenye urefu wa mita 1.6 angekuwa na kilomita 1,600, karibu mara tatu ya safari ya basi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam. Jambo hili lilinyamazisha darasa zima, nami nashauri lisirukwe.

10 Februari: Mvua

Duara tulilichora kwa chokaa siku ya Ijumaa, na mvua ya usiku ikalifuta lote. Chokaa iligharimu shilingi 6,000. Tumenunua kamba ya manila na kuifunga kwenye vigingi. Duara la mita 20 linahitaji kamba ya mita 63 hivi. Anayeanza katika msimu wa masika asiguse chokaa.

17 Februari: Kujenga kirusi

Jaribio la kwanza lilikuwa la machungwa, kwa kuwa chungwa la wastani lina sentimita 7 na vijiti huchomeka kwa urahisi. Yalioza ndani ya siku nane. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba ndani ya chungwa mna chungwa, na wanafunzi wakarudi kulekule kwenye fikra ya kiumbe chenye nyama.

Jaribio la pili lilikuwa la karatasi za magazeti zilizogandishwa kwa uji wa muhogo. Yalitoka maumbo mazuri, lakini uji ulichukua muda mrefu kukauka katika unyevu wa mwezi huu, ukungu ukaota, na mende wakala yaliyobaki. Gundi ya mbao imetatua yote mawili.

Umbo tulilolikubali ni hili. Katikati umo mpira wa tenisi ya mezani, ambao kipenyo chake cha milimita 40 kinalingana kabisa na ganda la ndani la kirusi, lenye nanomita 40. Ganda hilo hujengwa kwa nakala 240 za protini moja ileile. Juu yake tumeweka vipande viwili vya karatasi vinavyofungamana kama kifuniko na chungu. Hiyo ni tabaka ya mafuta ambayo kirusi kiliichukua kutoka katika seli iliyokitengeneza. Juu ya tabaka hiyo tumechomeka miiba 80 ya chelewa, kila mmoja ukiwakilisha fungu la jozi tatu za protini ziitwazo E1 na E2, hivyo kila aina inafika 240. Wanafunzi walilalamika kwamba kuhesabu miiba 80 kunachosha. Nilisisitiza, kwa sababu hesabu hiyo tungeihitaji baadaye.

2 Machi: Kamba isiyoingia

Ndani ya ganda mna uzi mmoja wa RNA, molekuli inayobeba maelekezo ya kirusi, wenye herufi za kikemia, yaani nukleotidi, zipatazo 11,800. Tuliukadiria urefu wake, ukinyooshwa, kuwa mita 4 kwa kipimo chetu. Nilinunua kamba nyembamba ya katani ya milimita 4, nikawapa vikundi saa nzima waishindilie ndani ya mpira. Hakuna kikundi kilichoweza, na wawili waliupasua mpira.

Nilidhani tumekosea urefu, ndipo mwanafunzi mmoja akapiga hesabu ya ujazo. Mpira wa kipenyo cha sentimita 4 una ujazo wa sentimita za ujazo 33 hivi, wakati mita 4 za kamba ile zina 50. Kosa lilikuwa katika unene: uzi wa RNA una unene wa takriban nanomita 1, kwa hiyo ulipaswa kuwa wa milimita 1. Tulipotumia uzi wa kuvulia samaki, mita 4 ziliingia na nafasi ikabaki. Kamba ya shilingi 5,000 ilipotea, lakini hesabu ile inanipa furaha hadi leo, kwa sababu ilifanywa na mwanafunzi bila kuombwa.

Uzi wa kuvulia unaonyesha ukubwa lakini hausomeki, hivyo tumetunga pia mkufu wa shanga 118, ambapo kila ushanga unasimamia nukleotidi 100. Rangi nne zinasimamia herufi nne: nyekundu ni A, njano ni U, kijani ni G na buluu ni C. Shanga 74 zinabeba maelekezo ya protini nne za kazi, 37 za upande wa mwisho zinabeba maelekezo ya protini za ujenzi, na 7 zilizobaki, zilizotawanyika kichwani, mkiani na kwenye maungio, hazitafsiriwi kuwa protini.

16 Machi: Kuingia

Kwa kuwa ni Ramadhani, kazi ya uwanjani tunaifanya saa moja asubuhi kabla ya jua kuwa kali.

Wanafunzi walianza kwa kurusha mpira juu ya kamba, na niliwasimamisha. Kirusi hakitoboi utando kwa nguvu zake, maana hakina nguvu. Miiba yake hunasa protini zilizo juu ya seli. Mojawapo, iitwayo MXRA8, ilitambuliwa mwaka 2018 kuwa kipokezi cha chikungunya. Kisha seli yenyewe hujikunja kuelekea ndani na kukibeba kirusi katika kifuko, kama inavyobeba vitu vingine vingi inavyovihitaji. Tulitumia kipande cha chandarua kilichochakaa: wanafunzi wawili waliingiza mpira ndani yake na kukifunga.

Ndani ya kifuko, seli huongeza tindikali. Tindikali hiyo ndiyo inayoifanya protini E1 ibadili umbo, ijichomeke katika utando wa kifuko na kuunganisha tabaka ya mafuta ya kirusi na utando huo. Tulidondosha maji ya limau kwenye karatasi ya litmasi ya buluu, na ilipogeuka nyekundu ndipo mshika mpira aliporuhusiwa kufungua kifuniko. Ganda la ndani likatoka, likafunguka, na uzi ukawa huru.

Hapo nikafanya kosa langu mwenyewe. Niliwaelekeza waupeleke uzi kwenye kiini, kwa mazoea ya michoro inayoonyesha kila kirusi kikielekea huko. Usiku niliporudia kusoma, niliona nimewafundisha uongo. Virusi vingi vya DNA, kama vile vya malengelenge, huzalishwa ndani ya kiini, na virusi vya mafua, ingawa ni vya RNA, huingia humo pia. RNA ya chikungunya inanakiliwa nje ya kiini. Jumatatu niliwaambia wazi kwamba nilikosea, na duara la mita 6 likabaki tupu.

20 Aprili: Kunakili

Tumerejea baada ya Idi. Uzi wa chikungunya una kofia ya kikemia kichwani na mkia wa herufi A nyingi, sawasawa na ujumbe ambao kiini cha seli hutuma kwa ribosomu. Kwa hiyo ribosomu huusoma bila kujua kwamba umetoka nje, na hatua hii ilikwenda vizuri: mwenye korosho alipita juu ya shanga 74, akatoa mnyororo mmoja wa kadi nne, ambazo ni protini nne za kazi.

Kasoro ilijitokeza katika kunakili. Vikundi vyote vitano viliweka nyekundu kando ya nyekundu na kijani kando ya kijani, kama anayenakili daftari la mwenzake. RNA hainakiliwi hivyo. Herufi hukaa mbele ya mwenzake: A mbele ya U, G mbele ya C. Kwa hiyo kwanza hutengenezwa uzi wa kinyume, na uzi huo wa kinyume ndio unaotumika kama kalibu ya kutengenezea nyuzi nyingi zinazofanana na ule wa kwanza. Nilipowapa fundi anayetengeneza matofali kama mfano walielewa haraka: kalibu haiuzwi, lakini bila kalibu hakuna tofali.

Kosa la pili lilikuwa na thamani kubwa zaidi. Mojawapo ya protini nne ni mkasi unaozitenganisha zote. Kikundi kimoja, kwa bidii, kilikata mnyororo mara tu ulipotoka. Nikawaambia wamejifungia mlango: protini tatu za kwanza zikiwa bado zimeungana, zinafanya kazi na ile ya nne kutengeneza uzi wa kinyume, zikishakatwa zote, mtambo hubadilika na kutengeneza nyuzi za kawaida tu. Kwa kuwa walikata kabla ya kupata kalibu, walikaa bila kazi mpaka kipindi kikaisha. Mpangilio wa wakati, ambao hakuna mchoro wa ubaoni uliowahi kuuonyesha, waliuona kwa kukwama.

Katika mikufu waliyonakili nilikuta shanga kadhaa zilizokosewa. Nilikuwa nimeanza kuzisahihisha, nikaacha, kwa sababu kimeng'enya kinachonakili RNA ya kirusi hiki nacho hukosea na hakirudi nyuma kukagua. Makosa mengi huua uzi au hayana athari, lakini moja moja hufaa. Katika mlipuko wa mwaka 2005 na 2006 kisiwani Réunion, badiliko la kiungo kimoja tu cha protini E1 liliwezesha kirusi kuongezeka vizuri zaidi katika mbu Aedes albopictus.

27 Aprili: Upungufu wa miiba

Leo tulitaka kukamilisha kirusi kimoja kipya, na baada ya saa nzima hatukuweza. Niliwaachia ribosomu wasome mkufu kuanzia kichwani hadi mkiani, wakitoa kadi za kazi na kadi za ujenzi kwa pamoja. Kadi za kazi zilijaa meza, ilhali kila kirusi kinahitaji vipande 240 vya kila protini kuu ya ujenzi. Wale waliolalamika kuhesabu miiba ndio walioligundua tatizo: "Mwalimu, kwa mwendo huu seli itajaa vyombo vya fundi na nyumba haitasimama."

Nilifurahi sana, kwa sababu walikuwa wamefika wenyewe kwenye tatizo ambalo kirusi kimelitatua. Katika uzi mzima, ribosomu huishia mwisho wa sehemu ya kwanza. Sehemu ya mwisho hupewa ujumbe wake mfupi unaonakiliwa kutoka katikati ya uzi wa kinyume, na ujumbe huo hutolewa kwa wingi kuliko uzi mzima. Tulikata mikufu mifupi ya shanga 37, tukawagawia ribosomu walio wengi, na ndani ya dakika 20 tukawa na vipande vya kutosha.

Protini ya ganda hujikata yenyewe kutoka katika mnyororo na kubaki ndani ya seli kuusubiri uzi mpya. Protini za miiba hupitishwa katika njia ya kawaida ya seli, ile inayosafirisha protini zake kwenda juu, na hukatwa na kukamilishwa njiani.

11 Mei: Kutoka

Wanafunzi walileta puto kubwa, wakalipasua, na mipira ikatawanyika. Walitoa wazo hilo katika mchoro wa kirusi cha bakteria, ambacho kwa kawaida huipasua bakteria kinapotoka. Chikungunya hutoka kwa kuchipuka: miiba ikiwa imekwisha kupangwa juu ya utando, ganda lenye uzi ndani yake huja chini yake, miiba na ganda hushikana, utando hufunga na kukatika. Tulifunga chandarua juu ya kamba, tukasukuma mpira kutoka ndani, tukafunga kwa uzi nyuma yake na kukata. Hapo ikaonekana wazi tabaka ya mafuta imetoka wapi.

Niliulizwa kama seli hubaki salama. Seli ya binadamu mara nyingi hufa, kwa sababu kirusi huzima shughuli zake za kusoma DNA yake, na pia kwa sababu seli iliyovamiwa inaweza kujiua yenyewe. Seli za mbu kwa kawaida haziuawi. Huendelea kutoa virusi, ndiyo maana mbu mmoja anaweza kuambukiza kwa siku zote za maisha yake zilizobaki.

25 Mei: Kirusi cha kwanza kimekwenda wapi?

Tulifanya zoezi zima tangu mwanzo hadi mwisho, na hapo likajitokeza kosa ambalo lilikuwepo muda wote bila mimi kuliona. Mpira wa kwanza, baada ya kufunguliwa, mwanafunzi aliufunga tena na kuuweka kando, na wakati wa kutoka akautoa pamoja na mipya. Mbele ya macho ya darasa, "mama" alikuwa ametoka na watoto wake. Kazi ya miezi minne ilikuwa ikirudisha picha ileile ya mdudu anayezaa.

Marekebisho yalikuwa mawili. Kwanza, mpira unaoingia sasa hutengenezwa kwa karatasi nyepesi na huchanwa kabisa. Vipande hutupwa katika ndoo na uzi peke yake ndio unaobaki. Pili, nilianza kupuliza filimbi kila baada ya dakika 5, wote wanasimama, na mwandishi anahesabu virusi kamili vilivyopo ndani na nje ya seli. Hesabu yetu ilikuwa 1, kisha 0, 0, 0, 0, 0, kisha 2, kisha 7. Walipochora grafu, ule mstari uliolala chini ndio uliowashangaza kuliko yote. Ni jambo la kweli katika maabara: ukizipasua seli katika kipindi hicho, hupati kirusi chochote chenye uwezo wa kuambukiza, ingawa seli imekwisha kutekwa. Kirusi kinachoingia hakiongezeki. Kinavunjwa, kinasomwa, sehemu zake zinatengenezwa mbalimbali, na vipya vinaunganishwa kama vitanda vinavyotoka karakana ya seremala, ambako miguu hutengenezwa yote kwa pamoja na mbao kwa pamoja.

Msichana mmoja aliuliza iwapo ndiyo sababu viuavijasumu havimsaidii mgonjwa wa chikungunya. Ndiyo hasa. Vingi vya dawa hizo hulenga ukuta wa bakteria au ribosomu za bakteria, na kirusi hakina ukuta huo wala ribosomu yake. Ribosomu zilizofanya kazi yote uwanjani ni korosho za mwenye seli.

1 Juni: Gharama na mtihani wa marudio

Vilivyotumika na kubaki: kamba ya manila shilingi 8,000, mipira 12 ya tenisi ya mezani 12,000, gundi ya mbao 9,000, uzi wa kuvulia 3,000, shanga 14,000, na nauli ya kwenda na kurudi Mtwara mjini kufuata mipira na shanga 16,000, jumla ni 62,000. Vilivyopotea: chokaa 6,000, machungwa 3,000, unga wa muhogo 2,000 na kamba ya katani 5,000, jumla 16,000. Atakayefuata shajara hii ataokoa kiasi hicho cha pili.

Swali la Januari nililirudia bila kuwaarifu. Wanafunzi 6 bado wameandika kwamba kirusi hugawanyika, na wanne kati yao hawakuwepo tarehe 25 Mei. Nitawarudishia zoezi la filimbi wiki ijayo. Kamba nimeiacha kwenye vigingi, kwa kuwa kidato cha nne wameomba wajaribu seli ya mbu, ambayo itahitaji chandarua kisichochanika na ribosomu wasioruhusiwa kupumzika.